Panga lililokwaruza ukuta: mlipuko wa vumbi la zirkoniamu New Cumberland, 2010

Tarehe 9 Desemba 2010, saa saba na dakika 20 mchana, unga wa zirkoniamu, aina ya metali, uliwaka ndani ya mashine ya kuchanganyia katika kiwanda cha AL Solutions, mjini New Cumberland, jimbo la West Virginia, Marekani. Moto ulienea jengo zima la uzalishaji kabla waliokuwamo hawajapata nafasi ya kukimbia. Wafanyakazi watatu walikufa: wawili palepale, wa tatu hospitalini siku chache baadaye. Mkandarasi mmoja alijeruhiwa. Bodi ya serikali inayochunguza ajali za kemikali, CSB, ilitoa ripoti yake Julai 2014.

Ukiisoma ripoti hiyo unaona mambo mawili yakikutana. La kwanza ni mashine iliyokuwa na ubovu unaojulikana. La pili ni imani kwamba maji ni dawa ya kila hatari inayotokana na vumbi la metali: maji ya kusafishia, maji ya kupozea, maji ya kuzimia. Uchambuzi huu unafuata mambo hayo mawili, maana yeyote anayepokea, anayehifadhi au anayesaga metali za aina hii atakutana nayo.

Biashara yenyewe

AL Solutions ilikuwa ikichukua mabaki ya titaniamu na zirkoniamu, kuyasaga, kuyachanganya, kisha kuyashindilia kwa presi yawe visahani vizito. Wanunuzi walikuwa wayeyushaji wa alumini. Kisahani kinatupwa ndani ya alumini iliyoyeyuka ili kuiongezea metali hizo kwa kipimo. Kidogo tu cha titaniamu huifanya alumini igande kwa chembe ndogo zinazolingana, nayo hupasuka kwa nadra zaidi inapopoa. Kushindilia kuna faida ya usalama pia: kisahani kizito hakipeperuki na huwaka kwa shida, ilhali unga uleule uliotangulia kisahani unaweza kuwashwa na cheche ndogo. Hatari yote, basi, ilikuwa imejibana kati ya kisagio na presi.

Msomaji wa pwani ya Kenya anaweza kuuliza: mchanga wa Kwale je? Ulikuwa na zirkoni, ambayo ni madini ya zirkoniamu, na madini ya titaniamu, ukawa unapakiwa melini Likoni kuanzia 2014, uchimbaji ukakoma Desemba 2024, na hakuna aliyeogopa uwake moto. Ni kweli, hauwezi kuwaka. Ndani ya mchanga ule metali imeshafungwa na oksijeni. Kwa maana ya kikemia, imeshaungua. Viwanda hutumia nishati nyingi kuivua oksijeni hiyo ili wapate metali tupu, na metali tupu haisahau ilikotoka. Kipande kinene hujifunika ngozi nyembamba sana ya oksidi kikatulia, ndiyo maana bomba la titaniamu unaweza kulikata na kulikereza kila siku bila kisa. Unga ni habari nyingine. Chukua mchemraba wa zirkoniamu wenye upande wa sentimita 1: uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Ukate uwe chembe za maikroni 10 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), uso unafika sentimita za mraba 6,000, yaani meza ndogo nzima iliyo tayari kuungua, na bado uzito ni gramu 6.5 tu. Joto linalozaliwa juu ya uso mkubwa kiasi hicho halina kipande kinene cha kulimeza.

Mapipa yanapofika getini

Kanuni za usafirishaji za Umoja wa Mataifa zinaitambua tofauti hiyo kwa namba, na namba hizo ndizo za kwanza kutazamwa lori linapoingia. UN 2008 ni unga mkavu wa zirkoniamu, daraja 4.2, yaani bidhaa inayoweza kuwaka yenyewe hewani. UN 1932 ni mabaki ya zirkoniamu, nayo daraja 4.2. UN 1358 ni unga uliolowanishwa kwa maji yasiyopungua asilimia 25, na lazima maji yaonekane kwa macho juu ya unga. Huo ni daraja 4.1, yaani kitu kigumu kinachowaka kwa urahisi. Kwa titaniamu, unga wenye maji ni UN 1352 na mkavu ni UN 2546. Unga uliotengenezwa kwa kusagwa huingia katika kundi la maji ukiwa chini ya maikroni 53; uliotengenezwa kwa njia ya kemikali huingia hata ukiwa wa hadi maikroni 840, maana chembe zake zina matundu na uso mwingi kuliko zinavyoonekana.

Asilimia 25 haikuwekwa kwa mapambo. Maji mengi huuzamisha unga na kunyonya joto. Maji machache hufanya kinyume chake. Unga wenye unyevu wa asilimia 5 hadi 10 unatisha kuliko mkavu: hushika moto polepole zaidi, lakini ukishawaka maji yale hugeuka mvuke kwa ghafla na kuutawanya unga unaowaka kila upande, huku metali ikiyanyang'anya oksijeni na kuacha haidrojeni.

Hapa mizani ya bohari ina kazi kuliko cheti chochote. Tuseme pipa limetoka kwa msambazaji likiwa na kilo 30 za metali na kilo 10 za maji, jumla kilo 40 bila pipa. Maji ni robo kamili. Likifika lina kilo 36, metali haikupungua, kilichotoka ni maji: zimebaki kilo 6 kati ya 36, asilimia 16 na ushei. Hilo limeshatoka nje ya UN 1358 ingawa lebo bado inasema hivyo. Likifika lina kilo 32, maji ni kilo 2 tu, kama asilimia 6, na sasa una pipa lililo katika eneo baya kuliko yote, limefungwa vizuri, lina karatasi zote sahihi. Pipa la namna hiyo halifunguliwi wala halibingirishwi. Linaachwa lilipo, watu wanasogezwa mbali, na anaitwa mtu wa usalama wa kiwanda pamoja na msambazaji.

Pipa ambalo uzito wake uko sawa nalo lina utaratibu wake. Kifuniko kikiwa kimetuna, ndani kuna haidrojeni iliyojengeka taratibu kutokana na metali kuteta na maji. Linahitaji kifuniko chenye tundu la kupumulia na bohari yenye hewa inayopita juu kabisa karibu na dari, maana haidrojeni hupanda. Waya wa ethi, unaopeleka umeme tuli ardhini, hufungwa kwenye pipa kabla kifuniko hakijaguswa, na vilevile kwenye chombo kitakachopokea. Koleo na bisibisi ni za shaba nyeusi au aloi nyingine isiyotoa cheche. Unga haumwagwi kwa kishindo kutoka juu. Huchotwa, ukiwa bado mbichi, hadi pale mchakato unapolazimisha ukauke.

Mashine iliyotoa ishara

CSB ilihitimisha kwamba moto ulianzia kwenye mashine ya kuchanganyia iliyokuwa na zirkoniamu iliyokwisha sagwa. Mashine hiyo ilikuwa na mapanga yanayozunguka ndani ya pipa lake. Siku chache kabla ya ajali mapanga yalikuwa yakigusa ukuta, mafundi wakafanya matengenezo, mashine ikarudishwa kazini. Chanzo kinachoelekea zaidi kuwa cha kweli, kwa mujibu wa wachunguzi, ni chuma kusuguana na chuma: panga likakwaruza ukuta, pakatokea cheche au joto, unga ukashika.

Kwa fundi wa kawaida, panga linalokwaruza ni tatizo la ukarabati. Kelele, kuchakaa, labda mota kuchoka. Kama ndani kuna saruji au chakula cha kuku, tafsiri hiyo inatosha. Kama ndani kuna unga wa zirkoniamu, panga linalokwaruza ni kiberiti kinachopigwa mara kadhaa kwa dakika, na swali ni lini kitashika. Tofauti hii ya tafsiri ndiyo kiini cha kisa hiki kwa maoni yetu, kuliko hata suala la maji. Kazi ya matengenezo ilifungwa kama kazi ya mashine, wakati ilipaswa kufungwa kama kazi ya chanzo cha moto.

Tazama kinachotokea pale ncha ya panga inapopita karibu na ukuta. Nafasi kati yao ni ndogo, milimita chache, ili unga usibaki umeganda pembeni. Shafti inashikwa na beringi mwisho mmoja au miwili. Beringi ikilegea hata kwa kiasi usichokiona kwa jicho, mwisho wa panga ulio mbali na beringi huhama zaidi, kama ncha ya fimbo ndefu iliyoshikwa kwa vidole viwili. Ongeza joto: panga linarefuka. Ongeza kipande kigumu kilichojichomeka, bolti au bonge la metali lisilosagika: panga linapinda. Ukuta ukishaliwa ukapata tundu au ufa, fundi huulehemu, na mshono wa kulehemu ukibaki umevimba upande wa ndani, nafasi inapungua palepale ilipohitajika. Panga linapunguzwa kidogo, mashine inazungushwa ikiwa tupu, hakuna kelele, kazi imekwisha. Lakini mashine tupu haina mzigo wa kuusukuma mhimili upande mmoja.

Kwa hiyo kipimo cha kweli hufanywa kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi, mzunguko mzima, kwa kila panga, shafti ikizungushwa kwa mkono na kisha ikisukumwa upande kwa upande ili kuona uchezaji wa beringi. Vipimo vinaandikwa kwenye kitabu cha mashine, na kipo kiwango cha chini ambacho kikifikiwa mashine haiwashwi, awe bosi ana haraka au hana. Mshono wa ndani unasagwa ukawa sawa na ukuta. Kabla ya kulehemu, mashine inatolewa nje ya chumba cha unga, inaoshwa hadi kwenye pembe za bolti, kisha inakaguliwa na mtu ambaye si yule atakayelehemu. Mashine ikiwa kazini, ampea za mota husema mengi: zikiwa zinapanda kwa mzigo uleule, kitu kinasugua. Kihisi cha joto kwenye beringi hakigharimu sana.

Hata hivyo, jibu bora ni kuachana na mapanga kabisa. Kuna mashine za kuchanganya zenye umbo la V au pipa linalobiringika. Chombo chote huzunguka na unga hujigeuza wenyewe, ndani hakuna kinachosogea. Chombo hujazwa gesi ya agoni ili oksijeni ishuke chini ya kiwango cha kuwasha. Agoni na wala si naitrojeni, kwa kuwa titaniamu na zirkoniamu zikipata moto wa kutosha huungua hata ndani ya naitrojeni. Agoni ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mashimoni na kwenye vyumba vya chini, na haina harufu. Mtu anayeingiza kichwa ndani ya chombo kilichojaa agoni huzimia bila onyo. Kipima oksijeni kinavaliwa kifuani, na chini ya asilimia 19.5 haingii mtu.

Sekunde zenyewe

Unga ndani ya mashine uliposhika, moto ulitoka ukiwa umebeba chembe zinazowaka. Chembe hizo zikawa wingu, wingu likalipuka kama moto unaokimbia, na mshindo wake ukayafikia mapipa na vyombo vingine vya zirkoniamu na titaniamu vilivyokuwa wazi katika eneo hilohilo. Kila tabaka la vumbi lililotikiswa likawa kuni mpya.

Hapo ndipo usafi unapogeuka hesabu. Chukua sakafu ya mita za mraba 20 yenye vumbi la nusu milimita tu, unene unaoacha alama ya kidole. Kama unga umelala kwa uzito wa gramu 2 kwa kila sentimita ya ujazo, hapo chini pana kilo 20 za metali. Ukizirusha zote ndani ya chumba cha mita za ujazo 100 unapata gramu 200 kwa kila mita ya ujazo, kiwango kinachotosha na kubaki kwa mlipuko wa vumbi. Wale wanaosaga unga wa mahindi wanajua weupe unaokaa juu ya boriti za kinu. Mantiki ni ileile, ila vumbi la zirkoniamu huwashwa na cheche ya umeme tuli ambayo mtu haisikii mwilini mwake.

Kiwanda kilikuwa na njia yake ya kupambana na vumbi: mabomba ya maji. Eneo la kuchanganya na la presi halikuwa na mfumo wa kufyonza vumbi. Wafanyakazi waliliosha sakafuni na kwenye mashine. Kuosha kunaondoa vumbi lililokwisha tua. Hakufanyi lolote kwa vumbi linalotoka mashine inapofunguliwa, na huacha nyuma matope membamba ambayo yakikauka nusu hurudi kwenye ule unyevu mbaya wa asilimia 5 hadi 10. Kiwango cha Marekani cha metali zinazowaka, NFPA 484, kinataka vumbi likamatwe pale linapozaliwa, kwa mfano kwa mtambo unaolifyonza na kulizamisha majini, mabomba yake yakiwa mafupi, laini ndani na yamefungwa ethi. Mtambo huo lazima uendelee kupumua hata ukiwa umezimwa, kwa sababu tope la metali kwenye tangi linaendelea kutoa haidrojeni usiku kucha. Masalia yanayobaki sakafuni hufagiwa polepole kwa brashi ya nyuzi za asili na koleo linalopitisha umeme. Hewa ya kompresa haipulizwi kamwe kwenye chumba hicho. Tunalirudia jambo hili kwa kuwa ndilo la kwanza fundi hulifanya akiona vumbi kwenye mota.

Maji ya dari

Jengo lilikuwa na mfumo wa kumwaga maji kutoka darini. Kwa moto wa mbao au karatasi ni mpango wa busara. Kwa metali hizi, CSB iliona kwamba haidrojeni iliyotokana na maji kukutana na metali iliyoyeyuka inaelekea kuchangia ukubwa wa mlipuko. Maji hayo yaweza kuwa yalitoka darini au kwenye kazi ya kuosha. Pendekezo lake kwa kampuni lilikuwa wazi: mifumo ya maji ya dari isitumike katika majengo yanayosindika au kuhifadhi metali zinazowaka.

Kemia yake ni fupi. Atomi moja ya zirkoniamu inachukua molekuli mbili za maji, inabaki oksidi, zinatoka molekuli mbili za haidrojeni. Kilo 1 ya zirkoniamu ikiungua hivyo yote, inatoa zaidi ya lita 500 za haidrojeni kwa joto la chumbani. Kilo 1 ya titaniamu inatoa karibu maradufu, kwa kuwa atomi zake ni nyepesi na katika kilo moja zimo nyingi zaidi. Haidrojeni huanza kuwaka ikiwa asilimia 4 tu ya hewa. Kilo 5 za zirkoniamu, mzigo wa ndoo ambao haujafika hata lita moja ya ujazo kama ni metali ngumu, ukifikia maji namna hiyo unatosha kukifanya chumba cha mita 5 kwa 4 chenye dari ya mita 3 kiwe tayari kulipuka mara ya pili.

Miezi mitatu baada ya New Cumberland, ulimwengu uliuona mmenyuko huohuo kwenye televisheni. Vijiti vya mafuta ya nyuklia vya Fukushima, Japani, vimevikwa aloi ya zirkoniamu. Maji ya kupozea yalipokosekana, aloi ikapata joto kali, mvuke ukaachia haidrojeni, na majengo ya vinu yakalipuka tarehe 12, 14 na 15 Machi 2011. Ukubwa ni tofauti, kemia ni moja.

Kwa nini basi mfumo wa maji uliwekwa? Jibu la kawaida viwandani ni kwamba jengo hupimwa kama jengo: mkaguzi wa moto au bima anatafuta vinyunyizio, akiviona anaweka alama. Swali la kwamba chini ya vinyunyizio kuna kitu gani huulizwa na mtu mwingine, kama linaulizwa.

Historia na sheria

Ajali hii haikuwa ya kwanza hapo. Milipuko iliyotangulia ilikuwa imeua mfanyakazi mmoja mwaka 1995 na mwingine 2006, na kati ya 1993 na 2010 kikosi cha zimamoto cha eneo hilo kiliitwa kwa moto angalau mara saba. Ukiorodhesha matukio hayo kwa safu utaona kila moja lilishughulikiwa kwa upande wake, kama jambo lililopita.

Baada ya 2010, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, iliitaja kampuni kwa makosa 17, mawili ya makusudi na 15 mazito, na kupendekeza faini ya dola 154,000. Mwaka 2014 ilifikiwa suluhu na serikali iliyoitaka kampuni kufanya maboresho yaliyokadiriwa kugharimu dola milioni 7.8. Linganisha tarakimu hizo mbili.

NFPA 484 ilikuwapo muda wote huo, lakini ni kiwango cha hiari hadi mamlaka ya mahali ikipe nguvu ya sheria. CSB ilikuwa imeshaeleza tangu 2006, katika utafiti uliohesabu moto na milipuko 281 ya vumbi kati ya 1980 na 2005, vifo 119 na majeruhi 718, kwamba viwanda vinahitaji kanuni ya kitaifa ya vumbi linalowaka. Vumbi la sukari liliua watu 14 Port Wentworth, Georgia, mwaka 2008. Vumbi la chuma liliua watano Gallatin, Tennessee, katika matukio matatu ya mwaka 2011. Ripoti ya New Cumberland ilipotoka 2014, kanuni hiyo ya kitaifa ilikuwa bado haijatungwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya 2007, angalau ina kifungu kinachotaja vumbi linaloweza kulipuka au kuwaka. Namna ya kukitekeleza kwa metali fulani imeachwa kwa mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda mara nyingi amejifunza moto wa mbao na petroli.

Ukishawaka

Karakana nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zina mitungi ya kabonidayoksaidi, ya povu, au ya poda ya ABC, ile ya moto wa kawaida. Hakuna hata mmoja unaofaa hapa. Zirkoniamu na titaniamu huivunja kabonidayoksaidi na kuchukua oksijeni yake. Povu ni maji. Poda ya ABC haijatengenezwa kwa joto hili, na msukumo wa mtungi peke yake unaweza kulirusha rundo linalowaka likawa wingu. Kinachotakiwa ni poda ya daraja D, yaani ya moto wa metali, kwa mfano ile yenye msingi wa chumvi ya kawaida, ikimwagwa kwa koleo la mpini mrefu au kwa mtungi wenye bomba la kupunguza kasi. Chumvi inayeyuka juu ya metali na kuwa gamba linalozuia hewa. Mchanga hufaa tu ukiwa mkavu kabisa, uliokaushwa na kutunzwa kwenye pipa lenye kifuniko; mchanga wa ndoo nyekundu iliyokaa nje kwenye mvua ni maji yenye umbo lingine. Weka kilo kadhaa za poda kila upande wa mashine, hatua chache kutoka hapo, ili anayeikimbilia asilazimike kupita mbele ya moto.

Ukubwa wa moto wa kupambana nao uamuliwe mapema. Moto wa kiganja sakafuni unafunikwa, kuanzia pembezoni kuelekea katikati, bila kuuchokoa. Moto ndani ya mashine au pipa haufuatwi: swichi kuu inazimwa kutoka nje, milango ya pembeni inafungwa, watu wanatoka, na zimamoto wanaambiwa kwa simu, kabla hawajafika, kwamba ni metali na kwamba wasielekeze maji ndani ya jengo. Maji yanaweza kutumika kupoza kuta za majengo ya jirani, yakiwa mbali na unga.

Rundo lililofunikwa huonekana limekufa kabla halijafa. Juu gamba la kijivu limetulia, chini yake metali bado ni nyekundu, na koleo la mtu mwenye pupa likilipasua, hewa huingia na moto unaanza upya. Linaachwa likiwa limefunikwa hadi siku ya pili, joto linapimwa kwa kipima joto cha mbali pande zote, na ni baada ya gamba kuwa na joto la chumba ndipo masalia huchotwa kidogo kidogo yakawekwa kwenye pipa kavu la chuma lisilofungwa kwa nguvu.